Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: tunaomba kibao cha Jasini

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo.

Mi ni mkazi wa Makorora hapahapa mjini, sina cheo chochote, naandika kwa sababu ya safari moja nliyoifanya mwezi uliopita na toka nirudi haijanitoka kichwani. Nlienda Jasini. Najua wengi wakisoma hapa watauliza Jasini ndo wapi, na hilo hasa ndo limenifanya nikae niandike, maana sio mbali, ni wilaya ya Mkinga, mkoa wako huuhuu, pale pwani tunapogusana na Kenya, na kuna watu wa Tanga wanaijua Mombasa mtaa kwa mtaa lakini Jasini hawajawahi kutia mguu.

Barabara ya Horohoro toka iwekwe lami safari imekuwa nyepesi, ni kama kilomita 65 tu kutoka mjini mpaka mpakani, mabasi ya Mombasa yanapita na kila aliyekaa ndani anawaza kugongewa mhuri aendelee na safari yake. Hakuna anayekunja kulia kuelekea baharini. Mi mwenyewe nimepita njia ile toka niko mdogo sijui mara ngapi na sikuwahi kukunja. Safari hii nikashuka, nikachukua bodaboda, njia ya vumbi, minazi, mikorosho, upepo wa bahari unakupiga usoni, halafu kabla sijafika simu ikaanza kudaka mtandao wa Kenya, meseji ya kunikaribisha Kenya ikaingia na mi bado niko Tanzania. Dukani nikanunua maji, chenji nikapewa mchanganyiko, shilingi zetu na za Kenya, na muuzaji wala hakuliona hilo kama ni jambo.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa upande ule, Mungu amrehemu, na alikuwa akiwataja ndugu wa Vanga, mji wa pwani ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya, kama unavyomtaja jirani wa nyumba ya pili. Nlipokuwa mtoto sikujua kama Vanga ni nchi nyingine. Ule mstari waliuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wakaanzia pwani kule kwenye mto Umba wakaupeleka mpaka ziwa Jipe, wakauzungusha Kilimanjaro wakaenda nao hadi ziwa Victoria, na hakuna Mdigo wala Msegeju aliyeitwa kwenye kikao hicho. Mpaka leo Wadigo wako Mkinga na wako Kwale kule Kenya, lugha moja, harusi zao moja, misiba yao moja.

Sasa mheshimiwa nakuja kwenye jambo lenyewe. Hapa mjini kila mtoto anasimuliwa vita ya Tanga ya Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walivyoshuka na meli na jeshi lao la Wahindi wakapigwa, na nyuki waliovamia watu katikati ya mapigano. Lakini miezi miwili na nusu tu baadae, tarehe 18 na 19 Januari 1915, yalipigwa mapigano mengine makubwa Jasini, na hayo sijawahi kusikia mtu akiyataja kibarazani. Waingereza walikuwa wameshavuka kutoka upande wa Vanga wakaiteka Jasini, ilikuwa shamba la mkonge la Wajerumani, wakaweka kikosi pale na ndani yake askari wa Kashmir. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, akakusanya kampuni zake za askari weusi na maofisa wa Kijerumani akawazingira. Kamanda wa wale wa Kashmir, Raghbir Singh, akauawa, msaada uliotoka kaskazini ukazuiwa njiani, risasi zikawaishia, asubuhi ya pili wakanyoosha mikono.

Mjerumani alishinda lakini ushindi ule ulimuuma. Maofisa aliowapoteza na risasi alizozimaliza asingepata vingine kirahisi kwa sababu bahari ilishafungwa na manowari za Waingereza, kwahiyo akaachana na mapigano ya namna ile, akageukia kuvizia na kulipua reli ya Uganda, ile ya Waingereza inayopita Kenya, na vita ikaendelea hivyo mpaka Novemba 1918. Fikiria wapagazi waliokufa kwa njaa na magonjwa kwenye hiyo miaka yote, watu wetu hao, walichukuliwa vijijini kwa nguvu. Kwahiyo namna vita ile ilivyokwenda katika nchi yetu imeguswa na siku mbili za Jasini, na mi nimetembea pale toka asubuhi mpaka jua linazama sikuona hata ubao mmoja wa kunambia nimesimama wapi.

Aliyenambia ni mzee mmoja nliyemkuta amekaa kwenye kivuli cha mwembe. Nlimpa shikamoo, akaniuliza mi mtoto wa nani, nlipomtajia bibi akaijua mpaka nyumba aliyozaliwa, akanishika mkono hakuuachia. Akaniletea ganda la risasi limeota kutu, kalifunga kwenye kitambaa, anasema baba yake alilikuta akilima. Akanieleza aliyoyasikia kwa babu yake, watu walivyokimbilia kwenye mikoko na watoto mgongoni, wakalala humo na maji yanajaa. Mambo haya hayamo kwenye simulizi za wakubwa wa jeshi, yamo kwenye kichwa cha mzee yule, na anasikia kwa shida sasa, na wajukuu zake wameshahamia mjini kutafuta maisha.

Ombi langu sio kubwa mheshimiwa, siombi jumba la makumbusho. Naomba kibao pale barabara kuu mtu anapokunjia, kiandikwe Jasini na mwaka 1915, na kingine kijijini kieleze kwa Kiswahili kilichotokea. Naomba afisa utamaduni aende na kinasa sauti, hata simu inatosha, akae na wazee siku mbili tatu wasimulie, kwa Kidigo kama ndo wanavyopenda. Na njia ile ya vumbi ipitiwe na greda kabla ya masika, maana dereva wa bodaboda kanambia mvua zikikolea hawaendi, na mgeni atafikaje. Vijana wa kutembeza wageni wapo, nimewaona wamekaa vijiweni, wanahitaji tu kuwe na kitu cha kuonesha na mtu wa kuwaambia waanze.

Nlimpiga picha yule mzee na ganda lake mkononi, akaniomba nimletee ya karatasi. Nimeshaisafisha, ninayo hapa kwenye bahasha, na Jumamosi ijayo naipeleka. Ukimtuma mtu wako nitampitisha mwenyewe mpaka kwenye ule mwembe, nauli yangu nalipa mimi.

Mkazi wako,
Makorora, Tanga