Tupeni boti ya Komoro

Mheshimiwa Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari wa Jumapili iliyopita ulitupeleka Guadeloupe, visiwa vya Ufaransa huko Karibi: asubuhi boti ya Marie-Galante, kesho yake boti ya Les Saintes, minazi imeinama na kamba koche katikati ya sahani. Makala imeandikwa vizuri, sina ugomvi nayo. Ila mwandishi alimalizia kwa kusema kwamba anayetaka likizo ya kuhama kisiwa hadi kisiwa kwa watu wasemao Kifaransa, basi aweke akiba ya kuivuka Atlantiki. Hapo nikaweka gazeti chini. Mimi ni mtu wa Wete, mstaafu wa biashara ya karafuu, na visiwa vya namna hiyo nimetoka kuvitembea na mke wangu msimu huu wa kusi. Kutoka Dar es Salaam ni ndege ya saa moja na nusu hivi. Vinaitwa Komoro: Ngazija yenye mji mkuu Moroni, Mwali na Nzwani.

Kifaransa utakiona kweli. Kiko kwenye vibao vya ofisi, kwenye karatasi za mkahawa, kwenye risiti. Lakini mtaani lugha ni ya kwao wenyewe, binamu ya hii yetu, na wafanyabiashara wanaokuja Kariakoo kuchukua bidhaa wanakijua Kiswahili vizuri tu. Mke wangu hajui hata neno moja la Kifaransa, na soko la Volo Volo pale Moroni alilizunguka peke yake akarudi na vanila, akiwa amepunguziwa bei.

Mgeni anashukia uwanja wa ndege wa Hahaya, viza anapewa uwanjani. Barabara ya kwenda Moroni imepita juu ya mawe meusi yaliyomwagwa na mlima Karthala, na upande wa pili ni bahari. Kitu cha kwanza kutazama ni Msikiti wa Ijumaa wa zamani, mweupe, wenye matao chini na juu, umekaa ukingoni mwa bandari ndogo ya majahazi. Mwanzo wake unahesabiwa mwaka 1427. Nyuma yake unaingia mtaa wa Badjanani, vichochoro vya kupita mtu na nusu, baraza za mawe, milango ya kuchonga. Na magofu. Kuna nyumba ambazo paa limeshaingia sebuleni na mpapai umeota kwenye chumba cha kulala. Ningependa kuwasema wenyeji, lakini sisi ambao Beit el Ajaib ilituporomokea Disemba 2020 hatuna mdomo huo.

Usikose makumbusho ya Moroni. Yupo gombesa, yule samaki ambaye wataalamu walidhani kizazi chake kimekwisha tangu zama za kale, mpaka akavuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Nzwani mwaka 1952, na Waziri Mkuu wa Afrika Kusini akatoa ndege ya jeshi kwenda kumchukua. Wavuvi wa Nzwani wao walikuwa wakimjua siku zote, na hawakuona sababu ya kumtangaza. Watu wa Tanga watanielewa, maana tangu miaka ya 2000 ananasa sana kwenye nyavu zao.

Karthala hatukupanda. Una mita 2,361, watu hulala njiani, na magoti yangu yana umri wao. Lakini uelewe kwamba mlima huo ndio unaotawala Ngazija yote. Mawe yake yanafyonza mvua, kwa hiyo kisiwa kizima hakina mto wa kudumu. Watu wanakinga maji ya paa kwenye mabirika. Ulipolipuka 2005, majivu yaliingia kwenye hayo mabirika, na maji ya kunywa yakawa dhiki. Kaskazini, karibu na Bangoi-Kouni, kuna ziwa la chumvi ndani ya shimo la volkeno, la kijani, kimya. Karibu na hapo ni Mitsamiouli na pwani ya Galawa, ambako ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta na kuanguka baharini Novemba 1996. Kati ya watu 175 walikufa 125. Wenyeji na watalii waliokuwa ufukweni ndio waliokuwa wa kwanza kuingia majini kuokoa. Tulisoma Fatiha tukaondoka.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu, nalo ni kuvuka.

Kwenda Mwali tuliteremka hadi kijiji cha Chindini, kusini kabisa mwa Ngazija. Hapo ndipo zinapoondokea boti ndogo za faiba. Muuza tiketi, ambaye simtaji, alituambia saa mbili asubuhi. Saa mbili boti ipo, nahodha hayupo. Saa nne nahodha yupo, petroli haipo. Ilipofika petroli, abiria hawakutosha. Tukakaa juu ya magunia ya vitunguu na mama mmoja aliyekuwa anapeleka godoro kwa bintiye, tukala mihogo yake ya kuchoma, mpaka baada ya sala ya Adhuhuri. Bahari ya kusi ilikuwa imeshaamka. Jaketi la kuokolea nililipata baada ya kupaza sauti. Mke wangu alilipata kwa upole, akalipata kabla yangu. Tulifika Hoani, upande wa Mwali, tumelowa hadi pasipoti.

Mimi nimezaliwa Pemba, bahari hainitishi. Kinachonikera ni kwamba mtu mwenye likizo ya wiki moja hawezi kuipanga. Hajui atafika lini, hajui atarudi lini, na ndege ya kurudi Dar haimngoji. Kipo pia kindege cha ndani, na tulikijaribu: kiliahirishwa, kisha kikaahirishwa tena, kisha hakikuzungumzwa. Mwisho wageni wengi wanabaki Ngazija na kuandika kwamba wameiona Komoro.

Wanakosa Mwali, na Mwali ndiyo mimi ningeirudia. Ndiyo ndogo kuliko zote. Mji wake, Fomboni, unaumaliza kabla kahawa haijapoa. Upande wa kusini, Nioumachoua, kuna visiwa vidogo vilivyotawanyika baharini, vyote ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 2001. Kijiji cha Itsamia tulikwenda usiku na kijana wa kijiji, taa zimezimwa. Kasa jike alipanda mchanga kwa tabu, akichimba kwa mapezi ya nyuma kana kwamba ana macho huko. Wanakijiji wenyewe ndio walinzi, na ada ya mgeni inabaki kijijini. Msimamizi wa ufukwe wowote wa Unguja angepelekwa pale akae wiki.

Popo nao. Mwali na Nzwani wana popo mkubwa, mweusi, mwenye masikio ya duara, mabawa karibu mita moja na nusu, asiyepatikana kwingine duniani. Nilimwambia kijana yule kwamba na sisi Pemba tuna wetu pale Kidike, nao hawapatikani kwingine. Akaniuliza kama tunawala. Nikasema wazee wetu walikuwa wakiwala, siku hizi wanalindwa. Akacheka sana.

Nzwani ni milima, mashamba yamepanda mpaka kwenye miteremko inayoogopesha. Mutsamudu una ngome juu ya mji yenye mizinga, iliyojengwa kujikinga na mashambulizi ya watu wa Bukini, yaani Madagaska, waliokuja kukamata watumwa. Meli za Waingereza za kwenda Bara Hindi zilikuwa zikitia nanga chini yake kuchota maji na kununua machungwa. Lakini mimi ngome niliitazama nusu saa tu. Siku nzima nilikuwa kwenye kiwanda cha langilangi. Pemba tuna Kiwanda cha Makonyo, kwa hiyo harufu ya mvuke na mafuta naijua. Pale maua huchumwa alfajiri, humwagwa kwenye mtungi mkubwa wa shaba, kuni zinawaka chini. Mafuta ya mwanzo ndiyo ya thamani, yanakwenda Ufaransa kwa watengeneza manukato. Ya baadaye bei inashuka. Moto hauzimwi usiku kucha. Niliuliza kuni zinatoka wapi, mzee akanionesha mlima kwa kidevu. Mlima ulikuwa na upara.

Mzee huyo huyo aliposikia tumetoka Tanzania alikumbuka askari wetu walioshuka pale Machi 2008, pamoja na Wasudani, kumwondoa Kanali Bacar aliyekuwa amekishikilia kisiwa hicho. Alizungumza nao Kiswahili, akasema, na walikuwa wakinunua ndizi kwa pesa yao.

Kisiwa cha nne hatukukigusa. Mayotte iko kilomita kama 70 kutoka Nzwani, lakini imebaki Ufaransa, na tangu 1995 hata Mkomoro anahitaji viza kwenda kwa shangazi yake. Wanaovuka usiku kwa vijahazi vya injini wamezama wengi mno. Watalii wa makala yenu ya Guadeloupe hawana habari ya mambo hayo.

Ombi langu, Mhariri, liwafikie wenye boti za kasi za Unguja na Dar, na serikali zinazohusika. Vyombo tunavyo na manahodha tunao. Meli ndogo za mizigo zinakwenda Moroni na ng'ombe na vitunguu mwaka mzima, na abiria wanajibanza humo. Kwa nini isiwepo boti moja ya abiria, kuanzia Juni hadi Oktoba, inayotoka Dar kwenda Moroni, Fomboni na Mutsamudu, yenye siku na saa zilizobandikwa ukutani? Watu wake wapo. Kuna ukoo mzima wa Wangazija hapa Zanzibar ambao hawajaiona nchi ya babu zao kwa sababu ya nauli ya ndege. Sayyid Ahmed bin Sumeit, aliyekuwa kadhi wetu, alizaliwa Itsandra mwaka 1861 na kufia Unguja 1925, na zama zake watu walikwenda na kurudi kwa tanga.

Kwa anayetaka kwenda kabla boti haijapatikana: chukua euro taslimu, maana faranga yao imefungwa nazo, moja kwa 491.97, na kadi ya benki huko ni ya kuchokonolea meno. Epuka Agosti. Ndio mwezi wa harusi kubwa, jamaa zao wanarudi kutoka Marseille, na kiti cha ndege hukipati. Na kutoka Chindini, ondoka na chombo cha kwanza kilichojaa, usingoje kile ulichoahidiwa.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba