Barua ya wazi kwa vijana wa Mtwara mnaoanzisha biashara

Wanangu na wajukuu zangu wa Mtwara mjini, Masasi, Newala na Tandahimba, salamu nyingi.

Kazi yangu ilikuwa kupokea na kupima korosho kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Siku hizi nimestaafu, na vikundi vyenu huniletea maandiko ya mikopo niyasome kabla hayajapelekwa halmashauri. Karibu yote ni ya kufuga kuku.

Nikiuliza nani kati yenu anapenda kuku, mnatazamana. Mlisikia kuku ndio hupitishwa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo wenyewe hauna riba. Ombeni, ni haki yenu. Lakini asiyeweza kuamka usiku wa manane kuwatazama vifaranga, marejesho yatamshinda hata mdondo, ule ugonjwa unaofyeka kuku, haujabisha hodi.

Katika kikundi kimoja cha kuku yumo binti aliyefundishwa na bibi yake kubangua korosho. Anajua ganda lisipochomwa sawasawa mafuta yake yanababua vidole. Anajua kuitoa punje nzima bila kuipasua, na akiinusa anakwambia kama ilipigwa na mvua ikiwa kwenye jamvi. Hakuna hata neno moja la hayo kwenye andiko lao. Nikamuuliza kwa nini. "Hayo si mambo ya nyumbani tu, babu?" Ya nyumbani hayohayo ndiyo mtaji, mwanangu! Korosho zetu nyingi zinasafirishwa na maganda yake kwenda India na Vietnam, na kazi unayoijua wewe wanalipwa watu wa huko.

Pakiti zenu nazo nimeziona. Mbele familia ya Kizungu inatabasamu, nyuma Kiingereza kitupu, na kijiji zilikotoka hakitajwi. Mnaona haya na nini? Andikeni kwamba ni korosho za Kitangari, za msimu fulani, zimebanguliwa kwa mkono na kina mama fulani. Kisha daraja la ubora mnaloandika liwe la kweli. Anayezijua korosho akiona W320 anategemea punje nzima 300 hadi 320 katika ratili moja, karibu nusu kilo. Ukimjazia nusu na vipande atanyamaza, atalipa, na hutamwona tena.

Wachongaji wa vinyago wanalijua hili kuliko mimi. Wapo wanaopaka mti mwepesi kiwi ya viatu wakauita mpingo. Mpingo halisi ukiutia majini unazama, na mgeni siku hizi amekwisha ambiwa hilo kabla hajashuka kwenye ndege. Kijana anayeuacha ule weupe wa pembeni wa mpingo uonekane, akaeleza kinyago chake kinamhusu nani katika ukoo, hana haja ya kiwi.

Kupenda kazi, hata hivyo, hakulipi pango la fremu. Nawajua wanaoipenda kazi yao mpaka wanaona aibu kutaja bei. Fungueni daftari, na jasho lenu liandikwe humo kama gharama. Na mji wetu mnaujua: minada ya korosho ya Oktoba na Novemba ikipamba moto, kila mtu ni tajiri; ikifika Machi mama ntilie anakopwa hadi chai. Fedha ya msimu igaweni mapema, sehemu ivuke mpaka masika. Na kama unachokipenda hakina mnunuzi, endelea nacho Jumapili baada ya ibada, utafute kingine cha kukulisha. Hakuna dhambi hapo.

Binti wa korosho na wenzake, andiko lenu nimelirudisha bila kusaini. Liandikeni upya, kuku watoke. Msimu ukifunguliwa nileteeni pakiti ya kwanza, nami nitaimwaga kwenye ungo mbele yenu na kuzihesabu zilizopasuka.

Babu yenu,
Newala