Barua kwa mwanangu: hicho kinachowaka kwenye chembe ya moyo

Muheza

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Salamu zako na za mkwe wangu zimefika. Ile sauti uliyonirekodia usiku nimeisikiliza tena leo asubuhi nikiwa na miwani na kalamu, nikaona nikujibu kwa maandishi. Maneno ya simu hupotea, na wewe ukiwa na njaa husikii la mtu.

Umesema kifua kinawaka ukilala, chembe ya moyo imejaa hata ukila kidogo, na chini ya mbavu za kulia panauma. Shoga yako kakwambia mtoto ana nywele nyingi. Jirani kakwambia ndiyo mimba ilivyo, vumilia. Sitawagombeza. Lakini umetaja mambo matatu kwa pumzi moja kana kwamba ni ugonjwa mmoja, na mimi niliyezeekea wodi ya wazazi siwezi kuyafunga furushi moja.

Kabla hujaendelea: kama leo kichwa kinakugonga na panadol haikisaidii, au macho yanaona vimulimuli au ukungu, au uso na vidole vimevimba, au hayo maumivu ya kulia yamekaa tu hayaondoki, iache barua hapa. Nenda hospitali sasa hivi, utaimalizia kwenye benchi.

Kama hakuna hata kimoja, tuanze na kuwaka. Hicho ni kiungulia, na wajawazito wengi hukipata, hasa miezi ya mwisho. Homoni inayoilinda mimba, projesteroni, hulegeza misuli ya ndani ya mwili ili mfuko wa uzazi utulie. Haichagui. Inalegeza pia ule mlango ulio kati ya koo la chakula na tumbo, asidi inapanda. Inapunguza kasi ya matumbo, ndiyo maana una gesi na choo kigumu. Halafu mfuko wa uzazi wenyewe unasukuma kutoka chini: wewe uko wiki ya 31, mfuko umeshapita kitovu kwa kiasi kikubwa, na ikifika wiki ya 36 utakuwa umegusa chembe ya moyo. Tumbo la chakula litakaa wapi? Ndiyo sababu unashiba kwa matonge mawili. Kwa mimba ya kwanza kama yako, mara nyingi mtoto hushuka kwenye nyonga wiki chache kabla ya kuzaliwa, na hapo utapumua.

Na zile nywele, usicheke. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani walitaka kuwaumbua wanawake wanaosema hivyo, wakakuta waliosumbuliwa zaidi na kiungulia walizaa watoto wenye nywele nyingi zaidi. Walidhani ni homoni zilezile zinazofanya kazi zote mbili. Kwa hiyo shoga yako mpe haki yake, ila nywele hazichomi mtu.

Kinachokuchoma zaidi nakijua: unamsubiri mwenzio mpaka saa tatu usiku, mnakula wali na sato wa kukaanga wenye pilipili, unashushia chai ya rangi, saa nne umelala chali. Kula saa kumi na mbili, au saa moja ikichelewa sana. Yeye akirudi mkalie tu kitako, mpige soga, atakula peke yake. Hilo halimpunguzii heshima, na akinung'unika mpe simu nizungumze naye. Kula kidogo mara nyingi. Maji kunywa kati ya mlo na mlo, usijaze tumbo kwa mkupuo. Mafuta, pilipili, ndimu, achari, soda na kahawa, angalia ni kipi hasa kinachokuwasha, maana kila mtu na chake. Maziwa baridi hutuliza kwa muda mfupi, wengine huwarudia baadaye.

Kitanda kiinue upande wa kichwani. Weka matofali chini ya miguu miwili ya mbele, kiende juu kiasi cha kiganja kimoja. Mito mirefu haisaidii sana, inakukunja kiuno na kulibana tumbo zaidi. Lala kwa ubavu wa kushoto. Asidi haipandi kwa urahisi ukiwa upande huo, na hata damu ya kwenda kwa mtoto inapita vizuri kuliko ukilala chali.

Dawa. Zile za kutuliza asidi, za kutafuna au za maji meupe, nyingi zinaruhusiwa kwa mjamzito, lakini mwulize muuguzi ni ipi, na mwenye duka la dawa mwambie una mimba hata kama tumbo linaonekana. Zitenganishe na vidonge vya damu kwa saa mbili au zaidi, la sivyo madini ya chuma yaliyomo hayaingii mwilini. Bikaboneti ya keki usiikoroge na kunywa: ni chumvi tupu kwa mwili wako, na gesi itakayokujaa utaijutia. Diclofenac na ibuprofen weka mbali kabisa, zinalichubua tumbo na kwa mimba kubwa zinaweza kumdhuru mtoto. Na dawa za vidonda vya tumbo usiazime kwa mtu, maana zipo zinazoweza kuanzisha uchungu.

Udongo wa pemba pia umeanza, nimekusikia ukitafuna kwenye simu! Najua udongo ule unatuliza kiungulia kwa dakika chache, ndiyo maana unauzwa sokoni kwa mafungu. Lakini unazuia madini ya chuma yasifyonzwe, na hupatikana humo madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mayai ya minyoo. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili kwamba damu yenyewe imepungua. Mwambie muuguzi akupime.

Vidonge vya damu najua umeviacha kwa sababu vinakuchafua roho. Virudie. Meza baada ya chakula chepesi, kwa bilauri nzima ya maji, wala si kwa chai, kisha ukae wima nusu saa. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Cheusi cha kunata kama lami chenye harufu kali, au kutapika damu, hicho ni kitu kingine, unakwenda hospitali.

Sasa ubavu. Mtoto wa wiki ya 31 ana miguu yenye nguvu, na mateke yake ya ubavuni yanauma kwelikweli. Maumivu ya aina hiyo hubadilika ukijigeuza. Simama, weka mikono juu ukutani ujinyooshe, au kaa wima badala ya kujikunja kwenye kochi. Ukipata nafuu, ni yeye. Ukipapasa hapo chini ya mbavu ukakuta kitu kigumu cha duara, huenda ni kichwa, bado hajageuka, muda anao. Maumivu yanayokuja baada ya chakula cha mafuta, yakabana kulia na kwenda mpaka begani, yanaweza kuwa mawe ya nyongo, ambayo mimba huyachochea. Ultrasaundi huyaona. Yakija na homa au macho ya manjano, usisubiri kliniki.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni kifafa cha mimba. Kabla ya degedege lenyewe, presha hupanda, na mwanamke mwingine hasikii kitu. Mwingine anasikia maumivu palepale unapoonyesha wewe, kwenye chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, kwa sababu ini limeathirika na kuvimba, na ngozi inayolifunika inavutika. Anatapika kidogo, anasema nimekula vibaya. Inaweza kuanza wakati wowote baada ya wiki ya 20, na mimba ya kwanza ndiyo inayoandamwa zaidi.

Niliwahi kumpokea mmoja usiku, mimba ya umri kama wako. Alikuja kwa miguu yake, kanga begani, kwenye mkoba ana chupa ya dawa nyeupe iliyobaki robo. Alisema ni gesi, alitaka tu sindano ya kutuliza tumbo arudi nyumbani. Nilipomshika mkono kumvalisha mkanda wa presha nikaona pete imezama kwenye kidole, nyama imepanda pande zote mbili. Mashine ikasoma 170 kwa 115. Nikarudia mkono wa pili, ileile. Mkojo ulijaa protini. Tulimpa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, ya mshipa na ya matakoni, ile sindano inayochoma mpaka mtu anakulaani, na dawa ya kushusha presha, na kulipokucha akafanyiwa upasuaji. Mtoto alitoka mdogo sana lakini alilia, na mama aliondoka mzima. Gesi haikuwepo. Dawa nyeupe ilikuwa haina kosa lolote, ila ilikuwa inatibu kitu kisichokuwepo.

Kwa hiyo sikutishi, nakutuma. Kesho asubuhi nenda kliniki, hata kama tarehe ya kadi bado. Kaa kwanza dakika tano, usizungumze wakati wa kupimwa, mkono uwe usawa wa moyo. Mwulize muuguzi namba, aziandike kwenye kadi, usikubali kuambiwa "iko sawa" tu. Ikifika 140 kwa 90 hata upande mmoja, huondoki bila kupimwa mkojo na kuonana na daktari. Ikitoka chini ya hapo na mkojo safi, basi endelea na matofali na chakula cha mapema, ila zile dalili nilizokutajia juu mwambie na mwenzio azijue kwa moyo, maana wewe zikikupata huenda usiwe na akili ya kuzitaja. Na zinaweza kuja hata wiki za kwanza baada ya kujifungua, kwa hiyo asizisahau mtoto akishazaliwa. Tumbo kuwa gumu kama ubao na maumivu yasiyoachia, kutoka damu, au mtoto kupunguza kucheza, hayo nayo ni ya usiku huohuo. Mkwe wangu atenge nauli ya bajaji, na namba ya dereva anayeamka iwe kwenye simu zenu zote mbili.

Ukishapimwa nipigie picha ukurasa wa kadi unitumie, niusome mwenyewe.

Baba yako anakusalimu. Machungwa ameyapakia kwenye basi kiroba kizima, sikuweza kumzuia. Ni ya mkwe. Wewe kula ndizi.

Mama yako