Harambee ya viti mwendo sita vya mpira wa kikapu, na ombi moja la ziada

Wazee wetu, shikamooni. Kaka na dada zetu wa Mwanza, habari za siku.

Sisi ni timu ya mpira wa kikapu wa viti mwendo. Kabla ya kuomba tushukuru, na tukishashukuru tuombe jambo ambalo huenda likawashangaza: tafadhali msituletee tena viti mwendo vya wodini. Tumepokea vingi, kila kimoja kimekuja kwa moyo mwema na picha ya makabidhiano. Tumewapa wenzetu wanaovihitaji kwenda sokoni, ibadani na shuleni, na huko vinafanya kazi nzuri. Uwanjani ni habari nyingine. Watu wa ziwani hamhitaji kuelezwa sana: nyavu za sangara hazivui dagaa.

Kiti cha wodini kimetengenezwa ili mtu mwingine akusukume. Ndiyo maana kina mishikio nyuma. Kinakunjwa katikati ili kiingie kwenye buti la gari, na pale kwenye maungio ndipo nguvu ya mchezaji inapopotelea: anasukuma kwa mikono yote miwili, kiti kinajinyonga kwanza ndipo kiende. Mwezi uliopita kwenye mechi ya kirafiki, mlinzi wetu, kijana anayeshona viatu Makoroboi, alikuwa anaukimbilia mpira. Kigurudumu cha mbele, kile kidogo kigumu, kikaingia kwenye ufa wa saruji. Kiti kikasimama, yeye akaendelea. Alitua kwa kidevu. Tulipomrudisha kitini tukakuta bomba la kuwekea miguu limepinda na spoki tatu zimekatika. Akajifunga leso akataka kuendelea. Kocha akakataa, mama yake akapiga vigelegele kana kwamba tumeshinda.

Kiti cha kikapu ukikiona mara ya kwanza utadhani kimeharibika. Magurudumu makubwa yameinama, juu yanakaribia mbavu za mchezaji, chini yametanuka kama miguu ya kigoda. Ule mwinamo ndio unaokifanya kigeuke papo hapo bila kupinduka, na viti vikigongana, magurudumu yanapigana chini huku vidole viko salama juu. Mbele kuna chuma cha kinga. Nyuma kuna kigurudumu kidogo kinachozuia mtu asianguke chali anaponyoosha mikono kurusha. Breki hakina, mishikio hakina. Mchezaji anafungwa mkanda kiunoni na mapajani, ili akigeuza kiwiliwili kiti kigeuke naye.

Halafu, na hili ndilo watu wengi hawalijui, kiti hiki hakiazimishwi hovyo. Ni kama kiatu. Katika mchezo huu kila mchezaji hupewa pointi kulingana na uwezo wa mwili wake, kuanzia 1.0 hadi 4.5, na watano walioko uwanjani hawaruhusiwi kuzidi jumla ya pointi 14. Maana yake timu haiwezi kujaza wenye nguvu tu. Lazima awepo na yule ambaye misuli ya tumbo haimshikilii. Huyo wa pointi moja anahitaji kiti kinachozama nyuma, magoti juu, egemeo limpokee mgongo. Wa nne na nusu anakaa juu, egemeo fupi, ainame atakavyo. Ukiwabadilishia viti, wote wawili wameharibikiwa. Kwetu sasa wanabadilishana, maana viti vya kweli vya mchezo tunavyo viwili, na vyote vilishachakaa kabla ya kutufikia.

Wapo wanaodhani tunawaomba mtuhurumie. Hapana. Mpira ni uleule, ringi iko juu mita 3.05 ileile ya wanaosimama, na ukisukuma magurudumu mara mbili bila kudunda, mara ya tatu umefanya kosa. Mchezo huu ulikuwepo kwenye Paralimpiki ya kwanza kabisa, Roma mwaka 1960. Tunataka kushindana tufungwe kihalali, tusifungwe na spoki.

Tumeulizwa pia kwa nini tusichomelee hapahapa. Tulijaribu. Fundi wetu wa Nyakato, mtu wa mikono safi kabisa, alitengeneza kimoja kwa mabomba ya maji. Kilitoka imara, na kizito kama mtumbwi uliojaa maji. Alicheka mwenyewe. Amekubali kuwa fundi wa matengenezo bila malipo, ila fremu za alumini zinazopimwa kwa mwili wa mtu inabidi tuziagize.

Ankara tuliyoletewa ni shilingi 2,900,000 kwa kiti, pamoja na kukifikisha Mwanza. Viti sita ni 17,400,000. Tumeongeza 600,000 ya tairi, tyubu, beringi na spoki, kwa kuwa saruji yetu inakula tairi kama msasa. Jumla ni 18,000,000. Wachezaji wenyewe, kwa elfu tano tano za kila wiki, wameshafikisha 1,240,000, na wengi wao ni wauza vocha, washona viatu na wasuka mikeka. Zilizobaki ndizo tunazowaletea ninyi.

Ahadi zinapokelewa. Mweka hazina ana daftari na anatoa stakabadhi hata ya elfu moja, usione haya. Madereva wa bajaji, kwenu tunaomba safari: mchezaji mmoja na kiti chake, kwenda na kurudi mazoezini, Jumamosi moja kwa mwezi. Akina mama wa sato mliotulisha mara ya mwisho, mnajua wenyewe.

Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, kwenye uwanja wetu wa mazoezi, kuanzia saa tatu asubuhi kabla saruji haijashika moto. Siku hiyo wachezaji sita watapimwa kwa futikamba mbele yenu: nyonga, paja, urefu wa mgongo. Na vile viti viwili vitakuwepo. Njoo ukae, ujifunge mkanda, urushe mpira mara tano. Daftari la michango tutalifungua baada ya hapo.

Kwa niaba ya wachezaji na kamati,
Katibu