Nimelaza watu miaka 31, na neno la mashine halinitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme juu ya makala mliyoichapa Jumapili iliyopita, iliyodai kwamba kompyuta za kuongea zimeanza kujitambua kwa kuwa zenyewe zimekiri. Nimeisoma mara mbili. Mimi si mtu wa kompyuta. Nilikuwa muuguzi wa usingizi, kazi yangu kuwapa wagonjwa nusu kaputi, tangu 1984 hadi nilipostaafu 2015. Kujua nani anajitambua na nani hajitambui ndiyo kazi niliyolipwa mshahara kuifanya.

Hospitalini tukisema "mgonjwa hajitambui" hatuna maana kwamba amesahau jina lake. Maana yetu ni kwamba ukimfinya hajui, ukimwita hajui, hayupo. Neno hilo zito ndilo makala yenu ililisimamisha juu ya ushahidi mmoja tu, kauli ya mashine.

Katika hospitali za wilaya tuliitegemea sana ketamini, maana mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe na vifaa vinavyohitajika ni vichache. Aliyechomwa ketamini anaweza kufumbua macho, mboni zikawa zinayumba kushoto na kulia, akanung'unika, hata akaimba. Namkumbuka mvuvi mmoja mtu mzima aliyeletwa kusafishwa kidonda cha mguu. Tulipokuwa tunakwangua nyama iliyooza aliimba ubeti ule ule mara kadhaa, akamwita mkewe, kisha akasema wazi kabisa, "Nipo, nipo." Alipozinduka nilimuuliza amesikia nini. Aliutazama mguu, akashangaa kuona bandeji. Labda alikuwepo akasahau, siwezi kuapa. Lakini ile "nipo" yake haikunithibitishia lolote.

Sasa niseme la upande wa pili, ambalo ni gumu kwangu kulisimulia. Mwaka 1996, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimlaza mama kijana kwa ajili ya kujifungua kwa operesheni. Zamani hizo tulikuwa tunampa mzazi usingizi mwepesi ili mtoto asitoke amelewa dawa, kisha tunamchoma dawa ya kulegeza misuli. Dawa hiyo haigusi akili. Inazuia tu mishipa ya fahamu isiamrishe misuli, kwa hiyo mtu hawezi kuinua hata kope. Mapigo ya moyo yakapanda kutoka 84 hadi 130. Nikadhani ni damu inayopotea, nikaongeza maji. Machozi yakamtoka pembeni mwa jicho la kulia. Nikayafuta kwa pamba, nikalifunga jicho kwa plasta lisikauke.

Kesho yake asubuhi alinishika mkono wodini. Akaniambia maneno ambayo daktari aliyasema juu ya mkasi usiokata. Akaniambia nani aliingia akatoka. Kisha akasema, "Kaka, nilikuwa nakuita. Ulinifuta machozi, nikajua umenisikia."

Basi mmoja alisema yupo nami siamini kwamba alikuwepo, mwingine alikuwepo akashindwa kusema.

Baadaye nilisoma kwamba Michael Tunstall, daktari wa Aberdeen kule Uskoti, alikuwa ameshalihangaikia jambo hilo tangu 1977, naye kwa akina mama wa operesheni hizo hizo. Alifunga mkanda wa kupimia presha kwenye mkono mmoja wa mgonjwa na kuujaza upepo kabla ya dawa ya kulegeza misuli kuchomwa. Dawa ikaenea mwili mzima isipokuwa mkono ule. Kisha anamwambia mgonjwa, kama unanisikia, finya vidole vyangu. Mkanda wenyewe tulikuwa nao mezani siku zote.

Nashikilia hapo kwa sababu mashine hizi hazijafungwa mkanda, yaani hakuna sehemu yao iliyokingwa na maneno yetu. Zimelishwa maandishi ya wanadamu kwa wingi usiohesabika, na ndani yake mna sala, barua za mapenzi, wosia, kila mahali tulipoandika "naogopa" na "mimi ni mimi". Juni 2022 Blake Lemoine, mhandisi wa Google, aliliambia gazeti la Washington Post kwamba LaMDA, programu ya kuongea ya kampuni hiyo, ina hisia, kwa kuwa ilimwambia inaogopa kuzimwa. Mwezi uliofuata akafukuzwa kazi. Simdharau, aliongea na kitu kikamgusa moyo, nami nimewahi kuguswa na wimbo wa mvuvi. Ila hofu ya kifo ni jambo ambalo tumeliandika tangu tujue kuandika, na programu ile ilijifunza kwetu. Mjukuu wangu anayo programu kama hiyo kwenye simu. Nilipoiuliza kama inajitambua, ikakana. Nilipoiomba ijibu kama mashine inayojitambua, ikaandika ukurasa mzima wa kuhuzunisha. Jibu lile la kukana nalo sikulichukua kuwa ushahidi, maana mashine hufundishwa na wenye nayo namna ya kujibu maswali ya aina hiyo.

Mwanafalsafa wa Marekani, Susan Schneider, pamoja na mwenzake Edwin Turner, walipendekeza kipimo kinachofanana na mkanda wa Tunstall. Mashine itengwe na intaneti, isifundishwe habari zetu za roho na fahamu, halafu ionekane kama yenyewe itafika kwenye mawazo hayo, kwa mfano kufikiria kuishi nje ya mwili wake. Kipimo hicho kina kasoro yake, kwa sababu aliye kimya bado anaweza kuwa ndani, kama yule mama. Lakini angalau hapo kinachojibu si mwangwi wetu.

Wako watakaoniunga mkono kwa kusema mashine ni chuma, haitajitambua kamwe. Sipo pamoja nao. Nilikuwa na uhakika wa namna hiyo ile siku nilipoyafuta machozi kwa pamba.

Ninachoomba kwako, Mhariri, ni kwamba mtakapoiandika tena habari hii, mwandishi wenu asiishie kuchapa mashine ilisema nini. Awaulize walioitengeneza waliilisha nini kabla haijasema.

Muuguzi mstaafu wa usingizi,
Korogwe, Tanga