Kaka, Deni hapandi treni

Kaka yangu,

Shikamoo. Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu simu zako za siku hizi zina swali moja tu, na nikianza kulijibu salio linakata kabla sijafika katikati. Ulisema wiki mbili. Ukamfunga mbwa wako Deni kwenye shina la mwembe, ukampa mama elfu kumi ya dagaa, ukapanda treni. Hiyo ni mwaka juzi. Sasa umepata nyumba yenye uwanja huko Dar, unataka nimpakie aje.

Ngoja kwanza nikueleze jana ilivyokwenda.

Tabora Agosti unaijua. Alfajiri unajifunga kanga mbili na bado unatetemeka, ikifika saa tano jua limekukalia mabegani kama gunia la mahindi. Kwa hiyo mimi na Deni tunatoka nikishamaliza kuswali tu, vumbi likiwa bado limelala. Namshika kwa kamba ya katani. Zamani mtaa mzima ulikuwa unacheka: "Mbwa anatembezwa? Kwani hana miguu?" Siku hizi wamezoea, isipokuwa watoto, ambao hata uwaeleze vipi lazima mmoja aokote jiwe.

Na jina ulilompa nalo, kaka! Najua ulipewa mbwa badala ya pesa zako, lakini hasira hizo ungezimaliza mwenyewe. Nikiita "Deni! Njoo hapa!" njiani, watu wazima wawili watatu wanageuka. Yule wa mkaa, ambaye kweli namdai, akitusikia kwa mbali anaingia ndani na kufunga mlango.

Tulikwenda mpaka karibu na stesheni, tukipita chini ya miembe. Wazee wa pale kwenye kahawa wananisalimu "mwangaluka" mimi, kisha mmoja anamsalimu na Deni, wenzake wanamzomea. Jumamosi tukipata nafasi tunakwenda mbali zaidi, njia ya Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani, tangu Machi mpaka Agosti kama hii. Unajua naye alikuwa na mbwa? Aliitwa Chitane. Alikufa maji Januari 1867 wakivuka kinamasi, wenyewe wakihangaika na maji ya kiunoni, hakuna aliyemkumbuka mpaka wametoka ng'ambo. Tangu nisome habari hiyo, hata mtaro mdogo navuka huku nikigeuka nyuma.

Kurudi, kazi. Mwembe wetu unapukutisha majani kama unalipwa. Nilinyunyiza maji nikafagia kwa ufagio wa chelewa tangu mlangoni mpaka choo cha nje, na mama kakaa kibarazani ananihesabia mistari, maana kwake uwanja usiokuwa na mistari ya ufagio haujafagiwa. Deni alisubiri nimalize, akapita katikati, akajigaragaza. Sikusema kitu.

Kisha nikaingia kwenye minyaa. Ua limepanda mpaka limegusa waya wa umeme wa jirani, nikaona nilikate kabla mvua hazijaja kulizidishia. Nilisahau kuvaa kitu usoni. Panga la tatu au la nne, tone la utomvu likanirukia shavuni, nusu kidole kutoka jichoni. Ule weupe wake unaudhania maziwa mpaka uanze kuwaka. Nilikimbilia ndoo nikaosha nikaosha, mama ananipigia kelele nisisugue, na katika hekaheka hizo hakuna aliyekuwa anaangalia mkeka.

Mkeka ulikuwa na matobolwa. Viazi debe zima, mama alivichemsha juzi, akamenya, akakata, akavipanga kimoja kimoja visigusane. Nilipofumbua jicho nilimkuta Deni kasimama na miguu miwili ya mbele juu ya mkeka, kipande kinaning'inia mdomoni kama ulimi wa pili. Hakukimbia wala kumeza. Alitutazama tu.

Unamjua mama. Alikukubalia mbwa kwa sababu ulimwambia ni wa ulinzi, na wa ulinzi ana ruhusa yake. Lakini mate ya mbwa kwenye chakula ni jambo lingine. Akatoa hukumu papo hapo. Vilivyolambwa, pamoja na vilivyo jirani navyo, vyote vitengwe. Mkeka uoshwe mara saba, moja kwa udongo. Niliosha mimi, na jicho langu moja, yeye akihesabu. Kwenye tano tukabishana, akaniambia nirudie kuanzia ya nne ili moyo wake utulie. Vile vilivyotengwa, vilikuwa karibu sinia, aliviangalia muda mrefu. Mwisho akasema: "Mpe. Ameshavitia najisi, ale mwenyewe."

Yaani alizawadiwa, kaka. Mimi niliyeungua shavu nilipewa chai ya rangi.

Mchana jua likawa kali, Deni akachimba shimo lake pale penye unyevu karibu na bomba, akalala ulimi nje. Nimejifunza kumwacha. Saa saba hatembezwi, ardhi inachoma, na yeye hana viatu.

Jingine ambalo hukuwahi kuniuliza ni chanjo. Ya kichaa inarudiwa kila mwaka, na siku ya dunia ya ugonjwa huo ni tarehe 28 Septemba, ndiyo ninayoitumia kukumbuka. Sifanyi mchezo. Mwezi uliopita mtoto wa jirani aling'atwa na mbwa koko sokoni, wakamleta kwangu eti mimi ndiye mtaalamu wa mbwa. Walikuwa wanataka kumpaka mafuta ya taa. Nilimshika mguu chini ya bomba na sabuni dakika 15 kamili, analia, kisha ndiyo bodaboda ikawapeleka hospitali wakaanze sindano. Anaendelea vizuri, anazimaliza.

Sasa swali lako. Jana usiku, tumeshakula, umeme umekatika, nimelala na kitambaa cha maji shavuni. Nikamsikia mama anafungua komeo la mlango wa nyuma, taratibu, kama hataki nisikie. Akasimama kizingitini. Mwanamke huyu hajawahi kumtaja Deni kwa jina, tangu siku ya kwanza ni "mbwa wa kaka yako". Nikamsikia anasema gizani: "Deni. Umekula?"

Mkia ukapiga ndoo mara mbili tatu. Akafunga mlango.

Kwa hiyo huko Dar tafuta mwingine, na safari hii mpe jina la maana. Ila tuma pesa ya chanjo kabla ya Septemba haijaisha, uongeze na ya sufuria, maana ile ya kwake ameitoboa.

Mdogo wako,
Tabora