Mdogo wangu, usiikatae kazi ya makumbusho

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma. Unaona kutolewa wizarani na kupelekwa makumbusho ni kama kutupwa stoo pamoja na vyungu vya kale, na barua ya kukataa umeshaanza kuiandika. Isitishe kwanza, nikusimulie habari za Shan Jixiang wa China.

Huyu bwana amezaliwa 1954. Fani yake ni mipango miji, na kuanzia 2002 aliongoza mamlaka ya urithi wa utamaduni ya China nzima. Katika uongozi wake ilifanyika sensa ya malikale zisizohamishika, yaani majengo, makaburi na magofu, zikaorodheshwa zaidi ya 760,000. Baada ya miaka kumi ya ofisi hiyo kubwa, Januari 2012 akakabidhiwa Makumbusho ya Kasri jijini Beijing, lile kasri la wafalme lenye kuta nyekundu.

Alianza kwa miguu. Kasri lina vyumba zaidi ya 9,000, naye alivizungukia kwa miezi mitano hivi, akamaliza zaidi ya jozi 20 za viatu vya kitambaa. Wakati huo wageni waliruhusiwa kuona asilimia 30 tu ya eneo. Kwingine kulifungwa, kumejaa mabanda ya muda na majani yameota juu ya mapaa. Mabanda yakabomolewa, majani yakang'olewa, na kufikia 2018 asilimia 80 ilikuwa wazi.

Lakini kinachonigusa zaidi ni habari ya vyoo. Wanawake walisimama foleni ndefu huku wanaume wakiingia na kutoka. Hesabu ikafanywa, ikaonekana vyoo vya wanawake vinatakiwa viwe mara 2.6 ya vile vya wanaume, na vikaongezwa. Waliokuwa wakiketi kwenye ngazi na kingo za mawe wakawekewa viti. Magari yakapigwa marufuku ndani, hata kiongozi wa nchi ya nje akija anashuka langoni na kutembea. Mwaka 2015 ukawekwa ukomo wa watu 80,000 kwa siku, na tiketi baadaye zikahamia mtandaoni. Niambie, ni waziri gani anayefikiria mama aliyebanwa na haja katikati ya ua wa kasri?

Rangi za mdomo na vikorokoro vilivyouzwa kwa jina la kasri havinivutii sana, ila naelewa kwamba vijana waliingia kupitia mlango huo. Mwaka 2018 walifika wageni zaidi ya milioni 17. Aprili 2019 akastaafu, akampisha Wang Xudong, aliyekuwa akitunza mapango yenye michoro ya Dunhuang.

Basi nenda ukaripoti. Siku ya kwanza omba funguo zote, uingie kila chumba, hata vile vilivyojaa vumbi. Kisha kaa na mlinzi wa getini, umuulize wageni wakichoka hupumzikia wapi.

Dada yako akupendaye